Nani Alifungua Daftari?



Huku kwetu chini ya Mlima Meru mtu haingii nyumbani mwa mwenzake kimya kimya. Hupiga hodi. Ikiwa ni usiku, mwenye nyumba hajibu "karibu" upesi, kwanza huuliza, "Nani?" Mgeni akijibu "Mimi," haitoshi, maana kila mtu ni "mimi." Yampasa kutaja jina lake, na mwenye nyumba aitambue sauti yake. Ndipo komeo huondolewa.

Leo nataka tuzungumze juu ya mlango wa namna nyingine, yaani mlango wa daftari lililowekwa ndani ya kompyuta. Usiufunue ukurasa huu haraka ukisema, "Hayo ni mambo ya vijana wa mjini." Ikiwa unaweka akiba katika chama, ikiwa shule ya mtoto wako inatunza hesabu ya ada kwa kompyuta, ikiwa ulikwenda kutibiwa ukaulizwa jina na namba ya simu, basi habari zako zimo nyuma ya mlango huo. Yafaa ujue umefungwa namna gani.

KALENDA UKUTANI

Miaka michache iliyopita chama kimoja kidogo cha akiba na mikopo, huku miteremkoni, kiliacha madaftari ya karatasi kikaingia katika kompyuta. Nami nilikuwa mwanachama, na kwa kuwa kazi yangu ni ukarani, niliombwa kusaidia. Kijana mmoja alitutengenezea programu nzuri. Ilijumlisha hesabu upesi kuliko sisi sote. Lakini jina la kuingilia lilikuwa moja tu, na neno la siri moja tu, kwa watu sita. Ili tusilisahau, tuliliandika nyuma ya kalenda iliyotundikwa ukutani.

Siku moja mama mmoja, mkulima wa migomba na kahawa, alikuja kuchukua akiba yake apate kulipa ada. Stakabadhi zake zilionyesha shilingi 340,000. Kompyuta ilionyesha 160,000. Je, zile 180,000 zimekwenda wapi, na nani alifungua daftari? Kompyuta haikujua. Ilijua tu kwamba aliyeingia ni "meneja," na "meneja" tulikuwa sote sita.

Binti aliyekaa mbele ya kompyuta ile kila siku ndiye aliyetazamwa kwa jicho baya. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Watu walinyamaza tu kila alipoingia. Nami nilinyamaza pamoja nao.

Baada ya wiki tisa tulikaa chini tukapitia stakabadhi moja moja. Fedha hazikuibwa. Malipo mawili ya mama yule yalikuwa yameandikwa kwa mwanachama mwingine mwenye jina la ukoo lile lile. Lilikuwa kosa la mkono. Mkono wa nani, hatujui hata leo. Tulimwomba binti radhi, naye alitusamehe. Lakini kwenye meza ile hakurudi tena.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza jambo la pili: daftari lisilomjua aliyelifungua humpoteza na mtu mwema pamoja na mali. Kufuli jema halimzuii mwizi tu. Humshuhudia mwaminifu siku anaposhukiwa.

SEVA NA MLINZI WAKE

Kompyuta inayotunza daftari la wengi huitwa seva. Huenda ikawa katika chumba cha ofisi, huenda ikawa mbali ng'ambo, nasi twaifikia kwa simu zetu kwa njia ya intaneti. Mbele ya seva sharti pawe na mlinzi, nayo ni sehemu ya programu yenye kuuliza maswali mawili. La kwanza: "Wewe ni nani, na waweza kuhakikisha?" La pili: "Kwa kuwa wewe ni fulani, waruhusiwa kufanya nini?" Wengi huyachanganya maswali haya. Mhasibu na mwanachama wote wawili wana haki ya kuingia. Lakini mwanachama aone akiba yake tu, na mhasibu aandike malipo bila kuweza kuyafuta.

Kazi hii ya mlinzi si jambo la jana. Mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, bwana Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja. Kila mtu alipewa neno lake la siri. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona kwamba saa nne alizopewa kwa wiki hazimtoshi. Alifanya nini? Aliiagiza mashine imchapishie faili lile lenye maneno ya siri, nayo ikamchapishia yote kwenye karatasi. Kisha baadaye kulitokea kosa katika mfumo uo huo, na kila aliyeingia akaona mbele yake maneno ya siri ya watu wote, mahali palipopasa kuwa na tangazo la siku.

Mwaona kosa lilikuwa wapi? Mlinzi aliyaandika maneno ya siri kama yalivyo, akayaweka mfukoni. Aliyeufikia mfuko ule aliyapata yote. Na sisi tulifanya vivyo hivyo kwa kalenda yetu.

MAHINDI NA UNGA

Dawa ilipatikana katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Uingereza, kwa bwana Roger Needham na wenzake. Sikilizeni, maana ndiyo kiini cha jambo lote: mlinzi hana haja ya kulihifadhi neno lako la siri ili akutambue.

Tufikiri habari za mashine ya kusaga. Ukitia mahindi wapata unga. Lakini hakuna mashine duniani iwezayo kuugeuza unga kuwa punje tena. Seva iliyotengenezwa vema hulisaga neno lako la siri kwa hesabu maalumu, ikaweka unga tu. Kesho ukija na kuandika neno lako, husaga tena na kulinganisha. Unga ukiwa ule ule, mlango wafunguka. Mwizi akiiba ghala, ameiba unga; punje hazimo.

Hata hivyo wezi nao wana akili. Waweza kusaga maneno yote ya kamusi mapema, kisha wakatafuta unga unaofanana. Mwaka 1979 mabwana Robert Morris na Ken Thompson wa Marekani waliandika kwamba walichungua maneno ya siri 3,289 ya watu. Na 2,831 kati yake, yaani 86 kwa kila 100, yalikuwa mafupi mno au mepesi kukisiwa. Kwa hiyo waliongeza kitu walichokiita "chumvi." Kabla ya kusaga, mashine huchanganya neno la kila mtu na tarakimu zake za bahati nasibu. Basi watu wawili wenye neno moja watapata unga tofauti, na mwizi atalazimika kuanza upya kwa kila mtu.

Tena usagaji wenyewe hufanywa wa polepole kwa makusudi. Kwako wewe unayeingia mara moja, ucheleweshaji huo hauonekani. Kwa mwizi anayetaka kujaribu mamilioni, ni mzigo mkubwa. Njia iitwayo bcrypt ilitangazwa mwaka 1999, na nyingine iitwayo Argon2 ilishinda mashindano ya mafundi wa dunia mwaka 2015. Zote mbili zatumika hadi leo.

Huenda ukasema, "Mambo haya yajulikana siku nyingi, nani leo atayaacha?" Mwezi Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri ya watu milioni 32, yote yakiwa yameandikwa wazi, hayakusagwa hata kidogo. Neno lililotumiwa na wengi kuliko yote lilikuwa 123456.

USIJICHONGEE KUFULI

Kijana wetu wa kwanza hakuwa mvivu. Kosa lake lilikuwa kwamba alijichongea kufuli mwenyewe. Seremala hodari atakutengenezea mlango wa mninga, lakini kufuli huenda kulinunua dukani, lililokwisha kupimwa na wengi. Katika kompyuta ni hivyo hivyo, na jambo la kufurahisha ni kwamba makufuli mazuri hutolewa bure. Mwenye programu ya Django, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2005, hukuta sanduku la zana za kutambua watumiaji limo ndani tayari. Laravel, inayotumia lugha ya PHP, nayo ina zana za namna hiyo. Na kwa mahali penye programu nyingi, mathalan hospitali au chuo, iko Keycloak, iliyoanza mwaka 2014, ambayo hukaa kwenye seva yake yenyewe na kuwa mlango mmoja wa programu zote.

Chama chetu kilimwita fundi wa pili, kijana aliyesomea hapa hapa Arusha. Alitumia Django. Nitawaeleza alivyofanya, hatua kwa hatua, maana huenda una mtoto anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha, au Chuo cha Uhasibu huko Njiro, au Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru, na kesho ataombwa kazi kama hii.

Kwanza, hakugusa kompyuta. Aliomba karatasi akaandika majina ya watu na kazi zao: nani aandika malipo, nani aidhinisha mkopo, nani asoma tu. Sisi tulikuwa hatujawahi kukubaliana juu ya jambo hili. Tulibishana mchana kutwa, na ubishi ule ulitufaa.

Pili, alifunga njia. Neno la siri linalosafiri wazi hewani laweza kuokotwa njiani. Basi aliweka cheti cha kuyaficha mazungumzo kati ya simu na seva. Tangu mwisho wa mwaka 2015 vyeti hivyo vyapatikana bila malipo kwa shirika la Let's Encrypt. Alama yake ni herufi "https" mwanzoni mwa anwani.

Tatu, alimpa kila mtu jina lake na neno lake, akawasha usagaji wenye chumvi. Neno la mkubwa wa mfumo, ambalo mafundi wengi huliacha "admin" kwa jina na "admin" kwa siri, alilibadili siku ya kwanza. Na ufunguo wa seva yenyewe hakuuandika ndani ya programu, bali aliuweka mahali pake peke yake, ili atakayepewa nakala ya programu asipate na ufunguo.

Nne, aliweka kikomo cha kujaribu. Namba ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000 tu. Mtu kwa mkono wake atachoka. Mashine ijaribuyo mara 1,000 kwa sekunde humaliza zote kwa sekunde 10. Kwa hiyo mlinzi akiona makosa matano, hufunga mlango kwa muda.

Tano, aliweka mwisho wa zamu. Wanaomwagilia kwa mifereji ya maji huku kwetu wanaelewa: zamu ya maji ina mwanzo na mwisho, nawe usipoziba mfereji wako wamharibia jirani. Mtu akishaingia, seva humpa hati ndogo iitwayo kuki, isiyobuniwa kwa urahisi, ili asiulizwe neno la siri kila anapofunua ukurasa. Hati hiyo sharti iwe na mwisho. Kwetu, ukiondoka kunywa chai ukakaa dakika 15, mlango hujifunga wenyewe.

Sita, alifikiri juu ya wasahaulifu. Aliyesahau hapelekewi neno lake la zamani. Hata seva hailijui, maana ina unga tu! Hupelekewa njia ya kuweka neno jipya, itumikayo mara moja na kufa baada ya muda mfupi. Shirika lolote likikutumia neno lako lile lile la zamani, jua kwamba wameliweka ghalani kama lilivyo. Liache, na mahali pengine ulipolitumia ulibadili.

Saba, kwa wanaoidhinisha fedha aliongeza kufuli la pili: programu ndogo ya simu inayotoa tarakimu sita, zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Mwizi akilijua neno la siri, bado hana simu yako mkononi.

Nane, na hili ndilo nililolingoja mimi, aliweka kumbukumbu. Kila malipo yaandikwapo, seva huandika nani, siku gani, saa ngapi. Na mtu akiondoka chamani, jina lake hufungwa siku ile ile. Halifutwi, ili aliyoyaandika yaendelee kusimama kwa jina lake.

MLANGO WA NYUMBANI KWAKO

Serikali nayo imeliona jambo hili. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Ukipiga *106# waweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo yamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, azitumie kwa kazi iliyotajwa, na ajisajili kwa Tume iliyowekwa. Wala isidhaniwe kwamba yahusu makampuni makubwa tu.

Lakini kufuli la chuma halifai kitu ikiwa mwenye nyumba humkabidhi mgeni ufunguo. Nani asiyeujua ujumbe ule, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akidai kuwa ni wa huduma kwa wateja, akiomba namba ya siri? Msimwambie. Mlinzi wa kweli haulizi neno lako kwa simu, maana kazi yake haihitaji kulijua.

Na neno lako liwe la namna gani? Refu. Maneno manne yasiyohusiana, mathalan "ndoo kengele twiga jioni," yana nguvu kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. (Msilitumie hilo, limekwisha kuchapwa gazetini!) Tangu mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeshauri watu wasilazimishwe kubadili neno la siri kila mara bila sababu, kwa kuwa wakilazimishwa huishia kuongeza 1, kisha 2, kisha 3. Mzee mmoja wa chama chetu husahau sana. Tulimwambia aliandike katika daftari lake na kulifungia sandukuni nyumbani. Karatasi iliyo sandukuni ni afadhali mara mia kuliko ile ya ukutani.

Basi, wewe uliye mweka hazina, mwalimu mkuu au katibu wa kikundi, siku fundi atakapokuletea programu, usione haya kwa kuwa hukusomea kompyuta. Muulize haya matano. Je, kila mtu ana jina lake mwenyewe? Je, maneno ya siri yamesagwa, au yamewekwa wazi? Je, umetumia zana zilizopimwa, au umejichongea? Je, mtu akiondoka, nani atamfungia mlango, na kwa muda gani? Je, waweza kunionyesha sasa hivi nani aliandika malipo ya jana?

Akijibu vema, mpe kazi. Akikasirika, mshukuru, mtafute mwingine.

Ile kalenda yetu ilikwisha mwaka, tukaitoa ukutani. Nyuma yake neno lile lilikuwa bado linasomeka. Nililitazama kitambo, nikamkumbuka binti yule. Hakuwa na njia ya kusema, "Si mimi," na kuhakikisha. Mlango ule haukuwa umemjua mtu yeyote kwa jina.

Nendeni mkatazame kuta za ofisi zenu.